Detroit na mahame yake: nyumba zilibomolewa, watu hawakuhamishwa

Katika baridi ya mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, magari yalizunguka Detroit mtaa kwa mtaa, watu watatu ndani ya kila gari: mmoja anaendesha, wawili wana tableti mkononi. Kwenye kila kiwanja walipiga picha na kujaza majibu. Kuna jengo? Kuna dalili kwamba mtu anaishi humo? Paa lipo? Limewahi kuungua? Walipitia viwanja takriban 380,000. Mei 2014 kikosi kazi kilichosimamia zoezi hilo kikatoa ripoti: majengo na viwanja 84,641 vilikuwa vimeharibika au vilionesha dalili za kuharibika, na humo mlikuwa na majengo 40,077 ambayo hayakuwa na dawa ila kubomolewa. Kusafisha mitaa ya makazi peke yake kulikadiriwa kugharimu dola milioni 850. Ukiongeza viwanda vilivyokufa, hesabu ilikaribia dola bilioni 2.

Mji uliokabidhiwa hesabu hiyo ulikuwa umefilisika. Julai 18, 2013 Detroit iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Hakuna mji mwingine wa Marekani uliokuwa umewahi kufilisika kwa kiasi hicho.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia bomoabomoa anaona alama ya X nyekundu ukutani, barabara inapanuliwa, watu wamebanana na nafasi haitoshi. Detroit shida ilikuwa kinyume chake. Nafasi ilikuwa tele, nyumba zilikuwa nyingi kuliko watu, na serikali ilijiuliza swali ambalo miji yetu bado haijalazimika kujiuliza: mtaa ukibakiwa na familia nne kati ya nyumba thelathini, hizo nne zinaendelea kuhudumiwa palepale, au zinaombwa zisogee karibu na wengine?

Masimulizi mengi ya Detroit hujibu swali hilo kwa picha za katapila na takwimu za nyumba zilizoanguka. Mimi naona kisa chenyewe kiko kwingine. Mpango wa kuwasogeza watu ulishindwa kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Ubomoaji uliendelea bila mpango huo. Na muda wote huo, si mbali na ofisi ya meya, ofisi nyingine ya serikali ilikuwa inazalisha mahame mapya kwa maelfu kila mwaka.

Mji ulivyopukutika

Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568. Sensa ya 2010 ilikuta 713,777. Ardhi haikupungua hata hatua moja: ni kilomita za mraba zipatazo 360, na barabara, mabomba na nguzo zake zilijengwa kwa ajili ya wale karibu milioni mbili.

Walianza kuondoka mapema, kabla hata magari ya Japani hayajaonekana Marekani. Baada ya vita vya pili vya dunia kampuni za magari zilihamishia viwanda vipya kwenye vitongoji na majimbo mengine, barabara kuu zikafuata, na mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali kuu ikawapa Wazungu nafasi ya kununua nje ya mji huku mitaa ya Weusi ikichorewa mipaka ya kutokopeshwa. Karibu na barabara ya Eight Mile bado umesimama ukuta wa saruji uliojengwa 1941, urefu wake kama nusu maili. Mjenzi aliuweka ili upande wake wa Wazungu utenganishwe na majirani Weusi na upate dhamana ya mikopo. Ghasia za 1967, ambamo watu 43 walikufa, ziliongeza kasi ya jambo lililokuwa tayari mwendoni. Kisha ikaja mikopo mibaya ya nyumba ya miaka ya 2000, na safari hii waliokimbia walikuwa familia za Weusi zenye kipato cha kati, ndizo zilizokuwa zimeushikilia mji. Kati ya 2000 na 2010 Detroit ilipoteza robo ya watu wake.

Jambo moja kuhusu majengo yenyewe lina uzito katika yote yaliyofuata. Detroit haikujengwa kwa maghorofa. Ni mji wa nyumba za familia moja moja, nyingi za mbao, kila moja kwenye kiwanja chake na ua wake mdogo nyuma. Brightmoor, upande wa kaskazini-magharibi, ilijengwa haraka miaka ya 1920 kwa ajili ya wafanyakazi waliomiminika kutoka kusini, vijumba vidogo vya mbao ambavyo havikukusudiwa kudumu karne. Mtaa wa namna hiyo hauhamwi wote kwa siku moja. Nyumba zinang'oka mojamoja kama meno: hii leo, ile ya tatu mwakani, na kati yake bibi aliyelipia nyumba yake miaka thelathini anaendelea kufagia baraza yake. Mwizi anaingia nyumba ya jirani na kung'oa mabomba ya shaba, maji yanafurika chumba cha chini, msimu wa baridi unapasua kuta, na usiku mmoja moto unawaka na unaweza kurukia kwa bibi. Anayesema nyumba hizi zingeachwa tu zioze hajawahi kulala pembeni ya mojawapo.

Ramani ya Bing

Dave Bing, mchezaji wa zamani wa kikapu aliyekuja kuwa mfanyabiashara wa chuma, alishika umeya 2009. Mwaka uliofuata aliahidi kubomoa nyumba 10,000 katika muhula wake. Orodha haikubagua: hata nyumba alikokulia Mitt Romney, mwanasiasa aliyekuja kugombea urais wa Marekani, katika mtaa wa wenye nacho wa Palmer Woods, ilibomolewa mwaka huo huo. Lakini Bing alitaka zaidi ya kubomoa. Alisema hadharani kwamba mji hauwezi kuendelea kuhudumia eneo lote lile kwa fedha iliyokuwapo, na kwamba watu wa mitaa iliyokaribia kubaki mitupu wangehitaji kuhamia penye uhai. Taasisi ya Kresge iligharamia mtaalamu wa mipango miji, Toni Griffin, na mradi ukaitwa Detroit Works.

Mkutano wa kwanza wa wananchi, Septemba 2010, ulifanyika kanisani. Mamia ya watu walifurika, na mjadala ukapotea mapema. Watu hawakuja kusikia dira ya mji. Walikuja na swali moja: mtaa wangu umo au haumo? Wengine waliuliza kwa nini gari la polisi haliji, kwa nini taa haziwaki. Wataalamu wa mipango walitaka kuzungumzia miaka hamsini ijayo na wananchi walitaka kuzungumzia usiku wa leo, na naona waliokuwa na haki ni wananchi.

Mwaka 2011 ofisi ya meya iliipanga mitaa kwa madaraja, kuanzia iliyo imara hadi iliyo hoi, na kila daraja lingepata huduma za aina yake. Mitaa imara ingepewa kipaumbele cha kutunza nyumba na kuvutia wanunuzi, mitaa hoi ingebomolewa. Hakuna aliyeambiwa ahame. Lakini mtu anayesoma kwamba mtaa wake umewekwa kundi la chini anaelewa, na benki inaelewa, na mnunuzi anaelewa. Ramani ya namna hii haisubiri kutekelezwa ndipo iumize.

Waliyokuwa wanayakumbuka

Ukitaka kuelewa hasira ya mkutano ule lazima urudi nyuma mara mbili.

Mara ya kwanza ni Black Bottom, mtaa wa Weusi mashariki mwa katikati ya mji, na barabara yake ya biashara na muziki, Hastings. Kuanzia miaka ya 1950 ulibomolewa kwa jina la kuuboresha mji. Barabara ya Hastings ilizikwa chini ya barabara kuu ya Chrysler. Wakazi wengi walikuwa wapangaji, na mpangaji alifungasha akaondoka na alichoweza kubeba.

Mara ya pili ni Poletown, 1981. General Motors ilitaka eneo la kiwanda kipya, na mji chini ya meya Coleman Young ukatwaa mtaa mzima kwa nguvu ya sheria: watu wapatao 4,200, nyumba zaidi ya elfu moja, makanisa na maduka. Mahakama ya juu kabisa ya Michigan, jimbo ambamo Detroit imo, ilibariki. Waumini walijifungia ndani ya kanisa lao la Immaculate Conception hadi polisi walipowatoa, na kanisa likabomolewa. Ajira zilizoahidiwa zilikuwa takriban 6,000, na kiwanda hakikuwahi kukaa kwenye idadi hiyo.

Poletown haikuacha kumbukumbu tu, iliacha sheria pia. Mwaka 2004 mahakama ileile, katika kesi nyingine ya kaunti ya Wayne, ambayo Detroit ni sehemu yake, iliifuta hukumu ya 1981: serikali haiwezi kumnyang'anya mtu ardhi ili mwekezaji binafsi afanye biashara. Mwaka 2006 wapigakura wa Michigan wakaliweka hilo kwenye katiba, na wakaongeza kwamba mtu akitwaliwa nyumba anayoishi alipwe angalau asilimia 125 ya bei ya soko. Kwa hiyo mwaka 2010 Bing hakuwa na fimbo aliyokuwa nayo Young. Kuhamisha watu kungewezekana kwa hiari yao, na hiari hununuliwa.

Hapa ndipo hesabu ilipokwama, na mijadala mingi hupita mahali hapa mbio. Desemba 2008 bei ya kati ya nyumba iliyouzwa Detroit iliripotiwa kuwa dola 7,500. Chukua asilimia 125 ya nyumba ya dola 7,500: unapata chini ya dola 10,000. Ni haki kwa mujibu wa katiba, na haimnunulii mtu paa popote ambapo mji ungependa ahamie. Yule bibi wa Brightmoor hana mkopo, halipi pango, ana bustani, anajua nani amelala nyumba ya tatu. Nyumba yake haina bei, lakini kwake ina thamani ya makazi ya uzeeni bila kodi ya mwezi. Ili ahame bila kudhulumiwa, angehitaji nyumba kwa nyumba: funguo za nyumba iliyokarabatiwa mkononi, pamoja na gharama za kuhama. Mji uliokuwa unaelekea mahakamani kwa kufilisika haukuwa na uwezo wa kutoa hilo kwa maelfu ya familia.

Na faida yenyewe ya kuwakusanya watu ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa. Gari la taka linaokoa mafuta likiacha mtaa mmoja, sawa. Lakini bomba la maji linalopita chini ya mtaa ulio mtupu ndilo linalopeleka maji mtaa wa mbele. Mfereji wa maji machafu hivyohivyo. Huwezi kulifunga kwa sababu nyumba kumi zimehamwa, na huwezi hata baada ya nyumba ya mwisho kuhamwa kama kuna watu mbele yake. Watu waliobaki Detroit walitawanyika mji mzima, kwa hiyo karibu kila bomba lilikuwa na mtu mbele yake.

Giza kama mpango

Mwaka 2012 likaja wazo ambalo lilinisumbua kuliko yote nilipolisoma. Karibu asilimia 40 ya taa za barabarani zilikuwa haziwaki. Ofisi ya Bing ilipanga kupunguza taa kutoka takriban 88,000 hadi 46,000, na mitaa yenye watu wachache ingekuwa ya mwisho au isingepata kabisa. Wakuu wa mji hawakuficha kwamba taa zingesaidia kuwavuta watu kwenye maeneo yaliyochaguliwa.

Kumwambia mtu hulazimishwi kuhama, kisha ukamzimia taa, ni kumlazimisha kwa njia ambayo hailipiwi fidia. Mwenye gari na akiba ataondoka kwanza. Atakayebaki gizani ni mzee, mgonjwa, asiye na pa kwenda. Namshukuru mno kila aliyesimama kwenye mikutano ya mji akalipinga hilo.

Mpango haukufika huko. Mamlaka mpya ya taa iliundwa, fedha za hatifungani zikapatikana, na kufikia Desemba 2016 taa mpya zipatazo 65,000 zilikuwa zimewekwa, mitaa yote ikiwemo ile iliyokuwa imeandikwa hoi. Ni taa chache kuliko 88,000 za zamani, kwa maana mji ulikubali kweli kwamba umepungua, lakini upungufu ukagawanywa kwa wote. Kati ya yote yaliyofanyika Detroit katika miaka hiyo, hili ndilo ningependa wataalamu wa mipango wa miji mingine walisome kwa makini.

Januari 2013 ilitoka dira ya miaka hamsini iliyozaliwa na Detroit Works, ikiitwa Detroit Future City. Ilisema wazi hakuna atakayelazimishwa kuhama. Maeneo makubwa yalipakwa kijani kwenye ramani: misitu, mabwawa ya kupokea maji ya mvua, mashamba. Miezi sita baadaye mji ukafilisika, na mazungumzo ya kuwasogeza watu yakafa kimyakimya.

Katapila na shimo

Ubomoaji haukufa. Mike Duggan aliingia umeya Januari 2014 na kuipa nguvu Benki ya Ardhi ya Detroit, chombo cha umma kinachomiliki nyumba na viwanja vilivyoachwa. Fedha zilitoka Washington, kwenye mfuko ulioanzishwa 2010 kuwasaidia wenye nyumba waliokaribia kunyang'anywa. Mwaka 2013 Michigan iliomba na kuruhusiwa kutumia sehemu ya mfuko huo kubomolea, na Detroit ikapata takriban dola milioni 265 kwa miaka kadhaa. Masharti yalitaka zitumike kwenye maeneo maalumu yaliyokuwa bado na wakazi wengi, ambako kuondoa nyumba mbovu chache kungeokoa bei za zilizobaki. Mitaa mitupu kabisa ilisubiri. Hivyo ule uchaguzi wa mitaa uliokataliwa 2010 ulirudi kupitia masharti ya fedha, safari hii bila mkutano kanisani.

Kubomoa nyumba moja kuna hatua nyingi kuliko video zinavyoonesha. Kwanza gesi inakatwa barabarani, kisha umeme na maji, na kila mmoja ana ofisi yake na foleni yake. Mkaguzi anapita kutafuta asbestosi, nayo inaondolewa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Siku yenyewe katapila inaanza paani huku mtu akimwagia maji kuzuia vumbi, na nyumba ya mbao ya miaka tisini inalala chini kabla ya chakula cha mchana. Kazi ngumu ni chumba cha chini ya ardhi. Sakafu na kuta zake za zege zinatakiwa zing'olewe zote, na shimo libaki wazi hadi mkaguzi alione kwa macho. Ndipo linajazwa udongo, juu yake udongo mzuri, kisha mbegu za nyasi. Udongo ulioganda wakati wa baridi haushindiliki, kwa hiyo kazi nyingi zililazimika kusubiri baridi ipite ndipo zikamilishwe.

Shimo hilo ndilo lililofichua ulafi. Wastani wa gharama ulipanda kutoka karibu dola 10,000 kwa nyumba hadi zaidi ya 16,000. Wachunguzi wa serikali kuu waliingia, Agosti 2016 fedha zikasimamishwa kwa takriban miezi miwili, na 2019 watu wawili walikiri mahakamani kuhusika na rushwa katika zabuni za ubomoaji. Ikagundulika pia kwamba baadhi ya mashimo yalijazwa udongo usiofaa, wenye vifusi. Fikiria mama aliyevumilia jumba bovu miaka kumi pembeni yake, mwishowe linaondoka, halafu anaambiwa asiwaache watoto wacheze juu ya lililoachwa.

Na kuhusu watoto kulikuwa na jambo zito zaidi. Rangi za nyumba za zamani zina madini ya risasi. Idara ya afya ya mji ilipochunguza ikakuta uhusiano kati ya kuishi karibu na ubomoaji na risasi kwenye damu za watoto wadogo, na mji ukasimamisha kazi wakati wa kiangazi katika maeneo yaliyokuwa na hali mbaya zaidi, msimu ambao madirisha yako wazi na watoto wako nje.

Pamoja na hayo yote, sitasema ubomoaji ulikuwa kosa. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionesha mashambulizi ya bunduki yalipungua karibu na palipobomolewa. Waliokuwa wakiishi mitaani humo wengi wao ndio walioulilia. Kwa ujumla nyumba zaidi ya 20,000 ziliangushwa chini ya programu ya Duggan.

Ofisi iliyokuwa inatengeneza mahame

Sasa turudi kwenye ile ofisi nyingine. Michigan ilibadili sheria ya kodi ya majengo mwaka 1999: mwenye nyumba akilimbikiza deni miaka mitatu, kaunti inaichukua. Lengo lilikuwa zuri. Utaratibu wa zamani ulikuwa mrefu, nyumba zikioza wakati mashauri yanaburutwa. Lakini sheria ilitungwa wakati nyumba za Detroit bado zina bei, na ilikuja kufanya kazi kamili baada ya bei kuporomoka. Riba ya deni ilifika asilimia 18 kwa mwaka. Nyumba zilizochukuliwa zilipelekwa mnadani na mweka hazina wa kaunti ya Wayne, mnada wa intaneti. Raundi ya kwanza bei ilianzia kwenye deni lenyewe. Isiponunuliwa, raundi ya pili ilianzia dola 500.

Ndani ya miaka kama kumi na mitano, karibu theluthi moja ya nyumba na viwanja vyote vya mji ilipita kwenye mtambo huo. Mnada wa 2015 peke yake ulikuwa na mali zaidi ya 20,000. Wanunuzi wengi hawakuwa wakazi. Walinunua kwa makumi bila kuziona, wakapangisha bila kukarabati, hawakulipa kodi, na baada ya miaka mitatu nyumba ikarudi mnadani ikiwa tupu na bila mabomba. Kutoka hapo ilikwenda Benki ya Ardhi, na kutoka Benki ya Ardhi kwenye orodha ya katapila.

Kibaya zaidi, deni lenyewe mara nyingi halikuwa halali. Katiba ya Michigan inakataza nyumba kutathminiwa kwa kodi zaidi ya nusu ya bei yake ya soko. Bei zilipoanguka, wathamini wa mji hawakushusha tathmini. Utafiti wa Bernadette Atuahene na mwenzake ulikuta kwamba kati ya 2009 na 2015 asilimia 55 hadi 85 ya nyumba, kutegemea mwaka, zilitathminiwa juu ya kiwango cha katiba, na nyumba za bei ya chini ndizo zilizoonewa zaidi. Gazeti la Detroit News lilikokotoa 2020 kwamba wenye nyumba walitozwa zaidi kwa angalau dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Na kulikuwa na msamaha wa kodi kwa wasiojiweza ambao wengi waliostahili hawakuwahi kuujua, au fomu zake ziliwashinda.

Weka hesabu mbili mezani. Deni la kodi la nyumba ya kawaida anamoishi mwenyewe lilikuwa dola elfu chache. Kubomoa nyumba hiyohiyo baada ya kuhamwa kuligharimu dola 10,000, kisha 16,000. Serikali ilimtoa mtu ndani kwa deni dogo, sehemu yake haramu, halafu ikatumia mfuko ulioundwa kumwokoa mtu kama huyo kuiangusha nyumba aliyotolewa. Ofisi ya mweka hazina haikuvunja sheria ya mnada. Meya hakuwa na mamlaka juu ya kaunti. Kila mmoja alitekeleza sehemu yake, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza idadi ya mahame mapya kwa kila hame lililobomolewa. Ningekuwa natathmini programu ile, ningeanza na hesabu hiyo.

Mabadiliko yalikuja taratibu, na yaliletwa zaidi na kesi kuliko na mipango. Tathmini ya mji mzima ilirudiwa na kukamilika 2017. Shauri lililofunguliwa 2016 na watetezi wa haki za raia lilimalizwa kwa makubaliano Julai 2018: maombi ya msamaha yakarahisishwa, na baadhi ya waliokuwa wanastahili msamaha wakaruhusiwa kuzirejesha nyumba zao kwa dola 1,000. Julai 2020 mahakama ya juu kabisa ya Michigan iliamua kesi kutoka kaunti jirani ya Oakland, ambako nyumba ilichukuliwa kwa deni la dola 8.41 na kuuzwa kwa dola 24,500, kaunti ikabaki na fedha yote. Mahakama ilisema ziada ni mali ya mwenye nyumba. Novemba 2020 wapigakura wa Detroit waliidhinisha hatifungani za dola milioni 250, na safari hii mgawo ulikuwa tofauti: nyumba 8,000 zibomolewe, nyingine 8,000 zinusuriwe na kuuzwa zikarabatiwe.

Ardhi iliyobaki

Kila nyumba iliyoanguka iliacha kiwanja. Desemba 2012 madiwani walipiga kura 5 kwa 4 kumuuzia mfanyabiashara mmoja tajiri viwanja vipatavyo 1,500 upande wa mashariki, kwa takriban dola 300 kila kimoja, apande miti. Miti 15,000 ilipandwa na eneo likasafishwa kweli. Wakazi waliokuwa wamelima na kufyeka viwanja vya jirani miaka mingi bila kuuziwa waliuliza kwa nini foleni yao haisogei. Chini ya Duggan ikaja programu ya viwanja vya pembeni: nyumba iliyopakana na kiwanja tupu inakinunua kwa dola 100. Maelfu wamevinunua, wakaweka uzio, nyanya, bembea ya wajukuu. Ardhi ilipunguzwa mikononi mwa mji bila mtu kuhamishwa hatua moja, na mtaa ukaanza kuwa na nafasi pana badala ya mapengo.

Hata hivyo Benki ya Ardhi bado ilibaki na makumi ya maelfu ya viwanja vitupu, na vingine vingi viko kwa wamiliki wa mbali wanaovishikilia wakisubiri bei ipande. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 639,111, na makadirio ya sensa kwa mwaka 2023 yalionesha ongezeko la kwanza tangu miaka ya 1950. Bei zikipanda, mwenye kiwanja tupu anafaidika kwa kutofanya lolote, kwa sababu kodi ya ardhi tupu ni ndogo mno ukilinganisha na ya nyumba iliyotunzwa. Mwaka 2023 Duggan alipendekeza kugeuza hesabu hiyo: kodi ya majengo ishuke, ya ardhi tupu ipande. Ilihitaji bunge la jimbo likubali kwanza, kisha wapigakura wa mji. Bunge la Michigan halikuupitisha muswada huo.